Kanga ya Karatasi

Juzi nilikwenda shuleni kwa mjukuu wangu, hapa Hounslow, London, kwa sababu mwanangu alikuwa zamu na mwalimu alitaka watu wazima wa kusaidia watoto kukata karatasi. Mwaka Mpya wa Kichina. Meza zimeunganishwa, karatasi nyekundu kila mahali, mikasi ile ya watoto isiyokata hata siagi. Nilipofungua kopo la gundi nyeupe, harufu ikanipanda puani, nikaweka mkasi chini. Mjukuu wangu akanitazama. Kiswahili anakielewa lakini kukijibu hataki, akaniuliza kwa Kiingereza chake, "Bibi, unalia?" Nikamwambia silii, ni gundi. Na kweli ilikuwa gundi. Mimi si mtu wa kulia mbele ya watoto wa watu.

Nawaandikia wenzangu wa rika langu, hao vijana wana mambo yao. Na niseme mapema kwamba mimi sikusoma. Nilitoka shule ya hapahapa London nina miaka kumi na sita, sina cheti hata cha kuogelea. Nikashika ufagio uwanja wa ndege. Leo ufagio wanashika wengine, mimi nashika funguo za ofisi. Mtaniambia najisifu. Ndiyo, najisifu, nani mwingine atanisifu? Basi mkiona nimekosea kuandika mnisamehe, na msiponisamehe nayo sawa.

Nililetwa Stratford, mashariki ya London, nina miaka minane. Si Stratford hii ya maduka ya vioo. Ile ilikuwa na moshi, na baridi iliyoingia mpaka kwenye meno. Mama yangu alibaki Tanga, Ngamiani, kifua kinamsumbua. Baba alikuwa na mke mwingine Mombasa, na huko ndiko moyo wake ulikokuwa. Mama Mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, alikuwa hapa London, anafanya kazi hospitali, kutandika vitanda na kubeba mabakuli ya wagonjwa, na hakujaliwa mtoto. Ikasemwa niende kwake mpaka kifua cha mama kipoe. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Mama Mdogo alikuwa na mkono mwepesi. Alinipiga kofi kwa chai niliyomwaga, kwa soksi iliyopotea, na mara moja alinipiga kofi ambalo, alisema, kesho ningelistahili tu. Simlaumu. Alisimama kwa miguu kazini muda wa saa kumi na mbili, akirudi anamkuta mtoto wa dada yake amekaa kwenye kiti kama mgeni wa harusi.

Jumamosi ilikuwa siku ya barua. Mama aliandika kwenye zile karatasi nyembamba za bluu za ndege, zinazokunjwa zikawa bahasha zenyewe. Mie kusoma nilikuwa sijajua. Chuoni Tanga nilisoma juzuu, na Kiingereza cha shule ndiyo kwanza kilikuwa kinanizungusha. Kwa hiyo Mama Mdogo alivaa miwani, akakaa karibu na kidude cha kupashia joto, akanisomea. Barua za mama zilikuwa kama mama mwenyewe, hazina mwanzo wala mwisho. Paka kazaa kwenye kapu la nguo. Jirani kagombana na mwenzake bombani mpaka ndoo zikapondeka. Halafu salamu, salamu, salamu, mpaka za watu nisiowajua.

Kisha ikaja Alhamisi moja, wanawake wakaja nyumbani, wa Tanga, wa Unguja, na mmoja wa Mombasa aliyekuja na sufuria kubwa kwenye basi. Wakavua viatu, wakasoma Yasini, wakaomba dua. Nikamuuliza Mama Mdogo nani kafa. Akasema, "Jirani yetu wa nyumbani, humjui. Kaa kitako." Pilau ilikuwa nzuri. Miezi mizima nilikuwa sijala pilau ya namna ile, yenye nyama ya mfupa na viazi vilivyoiva mpaka ndani. Yule wa Mombasa alikuwa akinitazama. Nikamnyooshea sahani, nikaomba anizidishie. Akanizidishia, akageuka ukutani.

Ile ilikuwa hitima ya mama yangu. Nilikula mara mbili.

Ninyi mnajua desturi yetu, sina haja ya kuwaeleza sana. Aliye mbali hapelekewi msiba. Aliye mbali anaachwa ale, alale, amalize kazi iliyompeleka, na siku akirudi akatua mzigo ndipo mtu mzima mmoja humkalisha chini. Wenyewe tunaita huruma. Huenda ni huruma. Mtoto ndiyo kabisa, nani atamwambia mtoto? Mama Mdogo hakuona kuwa amefanya jambo la kufikiriwa. Alifanya kama anavyofunga mlango akitoka.

Mimi niliona mambo mawili tu yamebadilika. La kwanza, makofi yaliisha. Nikadhani nimekuwa mtoto mzuri, nikaringa. La pili, barua za mama ziliharibika. Paka akapotea kwenye barua, na bomba, na majirani. Mama akawa ananiamrisha. "Zaituni, uoshe vyombo bila kusubiri kuambiwa. Zaituni, sabuni ni ghali huko, usimimine kama maji." Nikakasirika. Nikamwambia Mama Mdogo, "Mama siku hizi anafanana na wewe."

Akakohoa kidogo. "Ni ndugu yangu. Ulitaka afanane na nani?"

Na kila barua ilikuwa na duara la chai, pembeni chini, rangi ya kahawia. Nililiona Jumamosi baada ya Jumamosi. Nikampenda mama kwa duara lile. Nikasema mama yangu ana mahali pake pa kuweka kikombe akiandika, na kikombe hakikosei. Nililala nikimfikiria anakinyanyua, anakiweka, palepale.

Sasa shule. Mwalimu wetu alikuwa Miss Dobson, mwanamke mrefu, sauti ya chini, sweta zimejaa nyuzi za gundi iliyokauka. Alipenda kazi za mikono kuliko hesabu, na mimi nikampendea hilo. Darasani tulikuwa na mtoto mmoja wa Kichina, Wai Ling, wazazi wake walitoka Hong Kong wakafungua duka la kukaanga samaki na chipsi. Kwa sababu yake Miss Dobson alitufundisha sikukuu zao. Kwenye baridi tulitengeneza taa za karatasi nyekundu, na joka la maboksi ya mayai, tukalikimbiza uwanjani mpaka kichwa kikang'oka.

Wai Ling alinuka mafuta ya kukaangia. Nguo zilianikwa juu ya duka, angefanyaje? Watoto walimtungia wimbo, na aliyeuimba kwa sauti kuliko wote ni mimi. Sitatafuta maneno ya kujisafisha. Nilikuwa mweusi, nilikuwa mgeni, Kiingereza changu kilikuwa kinachechemea, na mgeni akipata wa kumcheka kabla yeye hajachekwa, hamwachii.

Majira yalipopata joto kidogo Miss Dobson akatuambia kuna sikukuu nyingine, Ching Ming. Siku hiyo Wachina wanakwenda kufagia makaburi ya wazee wao, wanayasafisha, wanaweka chakula, halafu wanachoma vitu vya karatasi. Nyumba ya karatasi, nguo za karatasi, viatu. Moshi ukipanda, vitu vinawafikia. Akasema kila mtu atengeneze kitu kimoja cha kumpelekea mtu anayempenda aliye mbali.

Maneno yake yalikuwa hayo, "aliye mbali". Wazungu nao wana namna yao ya kusema mauti. Mimi nilisikia mbali, nikafikiria Tanga.

Nikaamua kumtengenezea mama kanga. Nikachagua karatasi nyembamba, nyekundu na nyeupe, nikakata pindo, nikakata maua katikati nikayabandika moja moja, kidole changu kimekauka gundi mpaka hakikunji. Nilifanya jozi, maana kanga haiwi moja. Miss Dobson alipita mara mbili, akanigusa bega, akasema nzuri sana. Hakumgusa mwingine bega.

Wai Ling alikuwa meza yangu. Alikuwa anajenga nyumba ya babu yake. Wenzake wote tulikuwa tunacheza, yeye alikuwa anafanya kazi. Nyumba ya ghorofa mbili, madirisha yanafunguka, ndani kitanda, na jikoni jiko limebandikwa. Nikamwambia, "Babu yako atalala kwenye karatasi? Akijigeuza si itachanika?"

Akaendelea kukata. Alikuwa amezoea.

Baadaye akatupa jicho kwenye kanga. "Hiyo ya nani?"

"Ya mama yangu."

"Alikufa lini?"

"Hajafa. Wewe ndiye babu yako kafa. Mama yangu yupo Tanga, Jumamosi ananiandikia."

Wai Ling akaweka mkasi chini. Alikuwa mtoto wa taratibu, na jambo hili lilimtia hofu kweli. "Basi usiichome. Hivi ni vya waliokufa. Ukimtengenezea aliye hai, unamwita kifo. Nyanya yangu amesema."

"Nyanya yako mjinga."

"Usiichome," akasema tena. "Utamuua."

Nikanyanyua mguu. Sikufikiri. Nyumba alikuwa ameiweka sakafuni ikauke, nikaikanyaga, ghorofa ya juu ikaingia kwenye ya chini, na kile kitanda kikabaki kimenata kwenye soli ya kiatu changu. Wai Ling alipiga ukelele mmoja mfupi, akafunika mdomo. Nami nikakimbilia kushtaki kabla ya kushtakiwa. Wenzangu mliokulia kwenye nyumba za makofi mnaijua mbinu hiyo.

Nikamwambia Miss Dobson, kwa sauti ili darasa lisikie, "Miss, Wai Ling amesema mama yangu amekufa."

Nilingoja Wai Ling aitwe. Nilishaanza kupanga uso wa kuonewa.

Miss Dobson alipiga magoti. Watu warefu wakipiga magoti mbele yako ni jambo la kutisha. Akanishika mikono yote miwili, yenye gundi, akasema polepole ili nimwelewe, "Najua, mpenzi. Shangazi yako alikuja kuniambia. Ndiyo maana nilichagua kazi hii, kwa ajili yako. Kanga yako ni nzuri, itamfikia."

Alimwita Mama Mdogo shangazi, kwao wote ni neno moja.

Mama Mdogo alikuwa amekwenda shuleni, baada ya ile Alhamisi, kumwomba mwalimu aniangalie kwa upole. Aliwaambia Wazungu kila kitu. Jambo moja tu hakusema, kwamba mtoto mwenyewe hajaambiwa, na hakulisema kwa sababu kwake halikuwa la kusemwa. Na Miss Dobson hakuuliza, kwa sababu kwake hakuna mtu duniani ambaye hangemwambia mtoto. Wote wawili walikuwa wananitakia mema. Nimekaa na jambo hili maisha yangu yote na sijapata wa kumkasirikia vizuri.

Sikulia. Nilimuuliza, "Lini?"

Uso wake ulibadilika. Nadhani alielewa hapo, kidogo, akakataa kuelewa. "Majira ya baridi, mpenzi," akasema, akasimama haraka. Ndipo akaiona nyumba iliyokanyagwa, na nadhani alifurahi kupata jambo analolijua la kufanya. Akasema hata tukiwa na huzuni hatuharibu kazi za wenzetu. Akaniambia nikae na Wai Ling, nimsaidie kuijenga upya kabla kengele haijalia.

Basi alasiri nzima nilijenga nyumba ya babu wa watu. Nilikata kuta, nilikunja paa, nilifungua madirisha kwa ncha ya mkasi. Wai Ling alinisimamia kama fundi mkuu, "Hapana, jikoni iwe kushoto," nami nikaiweka kushoto. Ile ndiyo nyumba ya kwanza niliyojenga maishani, na ilisimama. Siku hizi nina mbili hapa Hounslow na moja Tanga, na zote nilisimamia fundi mimi mwenyewe. Lakini sijapata kujenga kwa umakini kama siku ile. Kila nikitaka kufikiria mama, nilifikiria pembe za ile nyumba.

Kanga nikaikunja mara nne, nikaitia mfukoni mwa koti.

Siku ya kuchoma, nyanya yake Wai Ling alikuja, kikongwe kifupi, koti limemfika miguuni. Mlinzi wa shule akaleta ndoo ya bati uwanjani. Watoto wakapita mmojammoja. Viatu vya karatasi, kofia, mbwa, mmoja alimfanyia paka wake aliyegongwa na gari. Nyumba ya babu iliwaka vizuri, madirisha yalifunguka yenyewe kwa moto. Kikongwe aliinama mara tatu. Miss Dobson akanitazama, akanipa ishara ya kichwa, nenda.

Nikamwambia nimeisahau nyumbani.

Hesabu yangu ilikuwa ya kitoto, lakini ilikuwa hesabu. Wai Ling alisema ukimchomea aliye hai unamuua. Basi nisipomchomea, hajafa. Mradi kanga ipo mfukoni, jambo halijakwisha.

Wai Ling alikuja akasimama karibu nami. Macho yalikuwa kwenye ndoo. "Babu yangu ana nyumba," akasema. "Mama yako ana nini?"

Sikumpiga. Nilikuwa namdai kofi, naye alikuwa ananidai wimbo wa mwaka mzima, nikaona tuko sawa. Kanga ilikaa kwenye koti mpaka Mama Mdogo akalifua, ikatoka uji mwekundu kwenye kitambaa. Akaniuliza ni nini, nikasema ni karatasi ya shule.

Lakini nyumbani sikusema neno. Hapa ndipo nataka mnisikilize, kwa sababu Miss Dobson nimemsamehe, na Wai Ling nimemsamehe, na mambo yangu mimi mwenyewe ndiyo magumu. Jumamosi ile Mama Mdogo akavaa miwani, akachukua karatasi ya bluu, akaanza. Nikalitazama duara la chai. Lilikuwa ni hilohilo. Hakukuwa na kikombe kinachowekwa palepale. Kulikuwa na barua moja, ya mwisho, na mwanamke aliyechoka ambaye kila wiki alifunua barua hiyo moja akanitungia nyingine.

Angekuwa mtoto mwingine angelia, akakumbatiwa, yakaisha. Mimi nikauliza swali.

"Mama anasemaje kuhusu kifua chake?"

Mama Mdogo akatazama karatasi. "Anasema kimepoa kidogo."

"Kidogo tu?"

"Kimepoa. Alhamdulillahi."

"Paka je?"

Hakuwa amejitayarisha kwa paka. Nikamwona anatafuta kwenye mistari kama mtu anayetafuta sindano. "Paka... yupo. Anakusalimu."

"Paka anasalimu?"

"Mama yako anatania, wewe mtoto."

Niliona jasho juu ya mdomo wake, na London ile haikuwa na joto la kutoa mtu jasho. Nikaona raha. Nitaiita kwa jina lake, ilikuwa raha. Mtu mzima aliyenipiga makofi kwa mwaka mzima alikuwa anacheza ninavyopiga ngoma. Jumamosi iliyofuata nikauliza mama anakuja lini. Akasema akipona. Nikasema si umesema kimepoa? Akasema safari ni ndefu. Nikasema mwandikie alete ile kanga yake ya kijani, niifunike usiku, na Jumamosi nyingine nikauliza, "Amejibu kuhusu kanga?"

"Amejibu."

"Anasemaje?"

"Anasema ataituma."

"Imeandikwa nini ile kanga? Mimi nimesahau. Muulize."

Alikuwa anaijua. Dada yake alikuwa ameivaa siku alipomsindikiza yeye mwenyewe uwanja wa ndege, miaka kabla ya mimi kuja huku. Nilijua anaijua, ndiyo maana niliuliza. Akavua miwani. Bila miwani alikuwa na uso wa mama kabisa, pua ileile, na lile shimo la kidevu, nami nilikuwa sijawahi kuliona kwa sababu nilikuwa sijawahi kumtazama isipokuwa kuangalia mkono wake uko wapi.

"Zaituni," akasema. "Njoo hapa mwanangu. Kaa karibu. Kuna jambo nataka nikwambie la mama yako."

Sikusogea. "Najua," nikasema.

"Unajua nini?"

"Amekufa. Tangu baridi. Nilikula pilau yake."

Aliweka mkono kifuani, ule mkono mwepesi. Alitaka nimfuate, nadhani, au alitaka yeye anifuate mimi, na alikuwa hajui nani aanze. Lau ningesogea hatua moja tungelia pamoja, na miaka iliyobaki katika flati ile ingekuwa mingine. Sikusogea. Nilikuwa na miaka tisa, na kitu pekee cha mama nilichobakiwa nacho duniani kilikuwa kwenye mapaja yake, naye ndiye aliyekuwa anajua kukifungua.

"Vaa miwani," nikamwambia. "Soma."

"Zaituni, mama yangu, nisome nini tena?"

"Hiyo. Soma iliyoandikwa. Usiongeze."

Akavaa miwani. Akasoma. Mama alikuwa ameandika kwamba kifua kinamzuia kulala chali, kwamba usiku ni mrefu, kwamba mtoto asiambiwe. Sauti ilimkatika mara mbili, nikangoja, akaendelea. Alipofika mwisho aligeuza karatasi, akasoma na upande wa anwani, jina lake mwenyewe, namba ya flati, Stratford, London. Halafu akanitazama, anasubiri ruhusa ya kuikunja.

Nikamwambia aanze tena juu.